Kadi ya Harambee ya Mama

Kaka zangu wawili wamesoma, wana magari, na hawana haya. Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu watu wakiwaona kanisani kule Ruiru, wamefunga tai na kukunja nyuso kwa unyenyekevu, huwa hawalioni.

Githinji ndiye mkubwa. Kazi yake ni kuuza ploti za watu, na kwenye kadi zake za biashara kuna picha yake ameshika kidevu, anafikiri. Hiyo ndiyo siku pekee ninayojua alifikiri. Maina anamfuata kwa kuzaliwa na kwa kila kitu kingine. Ana mahali pa kuoshea magari, ila akili yake yote amemkodishia Githinji, na bila malipo. Mimi ni Idah, kitinda mimba. Sikuolewa, na ndimi niliyebaki Gatuanyaga na mama yetu, Gathoni, kwenye ekari nne za vumbi, mbaazi na mbuzi kumi na mmoja.

Shamba liko kwa jina la mama. Baba yetu Mugo alipofariki, mama alizunguka kortini miaka mitatu mpaka akaipata hati, akaifunga kwa leso na kuiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Wakati huo Githinji alikuwa na shughuli nyingi sana Ruiru. Maina naye alikuwa na shughuli ya kumngojea Githinji.

Sasa mama ana miaka themanini na mbili, na kichwa chake kina saa zake. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi huwa mzima kunishinda mimi. Anajua ni mbuzi gani ana mimba, ni jirani gani hajarudisha jembe letu. Jua likipanda, mambo huanza kumponyoka. Saa nane ananiita Nyambura, jina la dada yake aliyefariki zamani. Jioni anauliza mbona baba amechelewa. Daktari wa Thika alituambia ni ugonjwa wa uzee, utaendelea polepole, na tukiwa na jambo la kuzungumza naye tulizungumze asubuhi.

Kaka zangu hawakujua habari ya asubuhi. Wangeijuaje? Walikuwa wanafika Gatuanyaga mara mbili kwa mwaka, saa saba, chakula kikiwa mezani.

Mwezi wa pili walimfanyia harambee. Walichapisha kadi nzuri, karatasi ngumu ya kumeremeta, yenye picha ya mama iliyokatwa kwenye picha ya arusi ya mtu, macho yamefumba nusu. Maneno nayakumbuka mpaka leo: familia ya marehemu Mugo inakualika kuchangia matibabu ya mama yetu mpendwa Gathoni, ambaye amepoteza kumbukumbu kabisa na hatambui hata watoto wake. Mama mwenyewe hakualikwa. Siku hiyo, asubuhi ile ile wageni walipokuwa wakiandaliwa viti Ruiru, alikuwa uani anapura maharagwe na kuniuliza ni sherehe gani naendea nimevaa viatu vya kubana.

Nilienda. Nilikaa karibu na mlango na kumtazama Githinji akilia kwenye kipaza sauti. Alilia vizuri, kwa zamu, upande wa wageni wa heshima kwanza. Katika wageni hao alikuwepo Mzee Muriithi, ambaye anakaa kwenye bodi ya ardhi huko kwetu, na yeye pia alipangusa macho. Halafu wakaniita mimi, binti anayemtunza mgonjwa, nisalimie watu. Nilipaswa kusema kwamba mgonjwa yuko nyumbani anapura maharagwe. Nilisema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa.

Matibabu yaliyotufikia Gatuanyaga yalikuwa chupa mbili za mafuta ya kusugua magoti. Mahali pa Maina pa kuoshea magari paliezekwa mabati mapya mwezi huo huo. Mimi nilirudi na kadi moja. Niliikunja ndani ya gazeti na kuiweka kwenye mkoba wangu, na kila nilipoigusa nilijisikia vizuri. Nilijiambia siku itafika nitawaonyesha watu kaka zangu ni akina nani. Nilitaka iwe mbele za watu, na nilitaka Githinji asiwe na pa kutazama.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, ijapokuwa halinipendezi. Miaka miwili kabla ya hapo, mama alinituma kwa wakili Sifuna, pale Thika, nikaulize habari ya wosia. Sifuna ni mtu mpole, anazungumza taratibu. Aliniambia, "Mlete mama asubuhi, akiwa fresh. Kujeni na barua ya daktari ya wiki hiyo hiyo, na mashahidi wawili ambao hawarithi kitu. Aseme mwenyewe, aandikiwe, aweke kidole. Ni kitu ya siku moja. Lakini msikae, madam. Hii ugonjwa haingoji."

Nilirudi nikamweleza mama. Alifurahi. Akasema, "Basi nitagawa mara tatu, sawa sawa. Wewe nitakuongezea nyumba."

Mara tatu. Mimi niliyemwosha, niliyemlisha, niliyelala chini kando ya kitanda chake alipovunjika nyonga, nipate shamba sawa na mtu anayekuja kula na kuondoka na mbaazi za bure kwenye buti ya gari. Nilisema tutaenda kesho. Kesho yake mvua ilinyesha, wiki iliyofuata mbuzi aliugua, halafu nikaacha hata kutafuta sababu. Nilidhani atabadilisha mawazo. Mama hakubadilisha, ila aliacha kuniuliza, kwa kuwa alisahau kama tulikwenda au la. Na mimi sikumkumbusha.

Mwezi wa tano Githinji alipiga simu akitaka hati ya shamba. Alisema ni ya kutoa kopi kwa ajili ya bima ya mama. Niliitoa sandukuni nikampelekea. Hapo nilikuwa mjinga tu, sina maelezo zaidi.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa moja asubuhi, gari la Githinji liliingia uani. Mbuzi walishangaa, nami pia. Walikuwa wote wawili, wamevaa suti. Githinji alishika kardigani mpya ya rangi ya maziwa.

"Idah, tunampeleka mum clinic ya macho, Thika," akasema. "Tumebook."

"Ngojeni nivae twende."

"Aca, hapana, gari imejaa."

Nililitazama gari. Lilikuwa na viti viwili vitupu. Maina aliona nimeona, akaanza kupangusa kioo kwa mkono wa suti.

Mama alitoka akiwa ameshajifunga kitambaa kichwani. Aliwasalimu kwa majina yao, wote wawili, na kumwuliza Maina kama mtoto wake amepona kifua. Maina akajibu ndiyo, hata hakushtuka. Mtu aliyetangazwa kwenye kadi kwamba hawatambui amewaita kwa majina, na hao wanamvisha kardigani na kumharakisha. Lebo ya bei ilikuwa inaning'inia mgongoni.

Gari lilipoondoka nilibaki nimesimama na kikombe chake cha uji. Muda si mrefu akaingia Mwau, mwenye pikipiki, ambaye hunibebea magunia mpaka sokoni.

"Idah, kwani wewe huendi?" akauliza. "Si leo ndio bodi? Juzi nilibeba surveyor na watu wa kampuni ya ploti wakakuja kuangalia hii shamba. Walisema Alhamisi mama anapelekwa aseme amekubali, halafu wanakata ploti za fifty by hundred."

Shamba la kilimo haliuzwi hivi hivi. Lazima mwenyewe asimame mbele ya bodi ya ardhi, aulizwe, akubali kwa mdomo wake, na familia iwepo. Hilo kila mtu Gatuanyaga analijua. Nilichukua mkoba wangu, nikakagua kama kadi imo, nikapanda pikipiki. Njiani vumbi lilijaa kinywani, na ukweli ni kwamba sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa nafurahi kwamba siku yangu imefika.

Kwenye ofisi za bodi, pale Thika, watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje, kila mmoja na bahasha yake. Niliwakuta wetu wamekaa safu ya mbele. Githinji alikuwa ameinamia sikio la mama.

"Mami, wakikuuliza, unasema tu ndiyo. Chochote wanauliza, ndiyo. Sawa?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Umeona?" akamwambia Maina. "Ameshika."

Maina alikuwa amenunua chapati na soda, akampa mama kipande. Ilikuwa saa tatu kasoro. Walipoitwa, niliingia nyuma yao. Githinji aliponiona alitabasamu, kwa kuwa kulikuwa na watu.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa serikali, miwani puani, sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa. Wazee na akina mama wa bodi walikaa pande zote mbili za meza, Mzee Muriithi akiwemo. Kijana wa kampuni ya ploti alikaa kando na faili lake, amenyoa vizuri. Githinji alieleza kwamba mama yao, akiwa na akili timamu na kwa hiari yake, ameamua kuuza ekari tatu na nusu ili apate kutunzwa vizuri mjini. Alisema "akili timamu" mara mbili. Maina alitikisa kichwa kila mara, hata pale ambapo Githinji alikuwa anameza mate tu.

"Nataka kusikia mama," mwenyekiti akasema. "Mama, unaitwa nani?"

"Gathoni wa Mugo."

"Shamba ni ekari ngapi?"

"Nne. Mugo alinunua mbili kwanza, halafu mbili za jirani aliyehamia Murera. Mimi ndiye nilibeba mawe ya mpaka."

Mzee Muriithi aliinua kichwa. Nami nilishangaa jinsi sauti ya mama ilivyokuwa imara, lakini sikusimama kulifikiria hilo. Nilikuwa namtazama Githinji, aliyekuwa ametulia kama mtu ambaye chakula chake kinaletwa.

"Sasa mama," mwenyekiti akasema, "wewe mwenyewe, umekubali shamba lako liuzwe?"

Mama ni mtu wa kuchelewa kujibu. Tangu zamani alikuwa hivyo, hata kabla ya ugonjwa. Akiulizwa jambo zito hurekebisha kitambaa kwanza, halafu hutazama mikono yake, ndipo aseme. Akaanza kurekebisha kitambaa. Mimi nilichosikia masikioni ni ile "ndiyo" ya kwenye benchi. Na nitasema ukweli wote: hata kama nisingeisikia, ningesimama tu. Miezi minne nilikuwa nabeba kadi ile.

Nilisimama, nikaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, nikaipiga kwa kiganja.

"Soma hiyo kwanza," nikasema. "Halafu uwaulize hawa wenye akili timamu."

Aliisoma kwa sauti, polepole, kila neno. Amepoteza kumbukumbu kabisa. Hatambui hata watoto wake. Mzee Muriithi akavuta kiti mbele.

"Hii harambee nilikuwa," akasema. "Githinji, wewe ulilia mbele yangu. Nilikupea pesa yangu ya mbolea."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiporomoka hivyo. Githinji aliifungua bahasha yake kana kwamba jibu limo ndani. Alisema mama alikuwa mgonjwa, lakini baada ya maombi alipata nafuu. Maina akasema amina. Mama mmoja wa bodi alicheka wazi. Mimi nilisimama pale nimekunja mikono, na kama kuna utamu mkubwa kuliko ule sijauonja.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Idah. Bintiye. Ndiye ninaishi naye. Hawa huja kula tu."

"Basi nijibu wewe. Hii kitu imeandikwa hapa ni ya kweli?"

Ningeweza kusema ni nusu. Ningeweza kusema mwulize sasa hivi, ni saa tatu, mwulize kabla jua halijapanda. Lakini nusu ingempa Githinji mlango wa kutokea, nami nilitaka milango yote ifungwe.

"Ni ya kweli," nikasema. "Hata mimi hanitambui."

Mwenyekiti aliandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akasema ombi limekataliwa, muuzaji hana uwezo wa akili wa kutoa idhini, familia iende kortini ikateuliwe msimamizi wa mali yake. Akamwonya Githinji kwamba akimleta tena hapo bila karatasi ya korti atamkabidhi kwa polisi. Kijana wa kampuni alishakusanya faili lake na kutoka.

"Mimi sijajibu," mama akasema.

Wote tulimtazama. Kitambaa kilikuwa kimekaa sawasawa, na mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Mama, tumemaliza," mwenyekiti akasema kwa upole. "Haiuzwi."

"Uliniuliza. Nilikuwa nasema siuzi. Mugo amelala pale na mimi nitalala pale. Watoto ni watatu, nitawagawia sawa, lakini siuzi. Andika hivyo."

Mwenyekiti alivua miwani. Alinitazama mimi, si Githinji.

"Siwezi kuandika, mama," akasema. "Binti yako amesema hujui hata yeye ni nani. Nikikuandikia hapana yako leo, kesho wakikuleta useme ndiyo nitalazimika kuandika pia. Sasa hivi neno lako haliwezi kuingia hapa. Lolote."

Karani akaita namba iliyofuata.

Nje, Githinji alitukana kidogo, akampigia mtu simu, akasogea mbali akizungumza kwa kunong'ona. Maina alikaa kwenye benchi na kumalizia soda ya mama. Mimi nilimpigia Sifuna. Nilimweleza haraka haraka kwamba niko Thika na mama, yuko sawa kabisa, tunaweza kufika ofisini dakika kumi, aandike wosia leo leo. Akauliza tumetoka wapi. Nilipomwambia, na nilipomwambia nilichosema, aliniuliza kama mwenyekiti aliyaandika. Nikasema ndiyo.

"Madam, hiyo wosia hata nikiandika, ndugu zako wataipasua na maneno yako," akasema. "Shahidi wao wa kwanza ni wewe. Tutatafuta daktari, tutajaribu, lakini siwezi kukuahidi."

Githinji alirudi akiwa amebadilika. Uso ulikuwa umekaa mahali pake tena. Alitoa leso akapangusa viatu, mguu mmoja kisha mwingine.

"Idah, asante sana," akasema. "Lawyer wangu anasema umeturahisishia. Tulikuwa tunaogopa korti itasema mum ako sawa. Sasa imeandikwa, na ni wewe umesema. Msimamizi anachaguliwa na family, na sisi ni wawili."

"Mimi nitapinga."

"Pinga. Na hiyo kadi, kaa nayo, usiniletee. Niko na box mzima kwa nyumba."

Wakaondoka na gari. Hawakumuaga mama, labda walidhani hatajua.

Mwau alikuwa anatungoja barabarani. Nilimshika mama mkono, tukatembea taratibu kwa sababu ya nyonga yake. Lebo ya bei ilikuwa bado inaning'inia mgongoni, nami nikaikata kwa meno. Ilikuwa saa nne na nusu. Jua lilikuwa limeanza kupanda, na nilikuwa nahesabu kimya kimya muda uliobaki kabla hajaanza kuniita Nyambura.

"Uliwaambia sikutambui," akasema.

"Ndiyo, mami."

Alisimama. Akarekebisha kitambaa, akatazama mikono yake, nami safari hii nilingoja.

"Wewe ni Idah," akasema. "Ulizaliwa mwaka ule wa njaa, tukila unga wa manjano. Ulikuja miguu kwanza, nikakaribia kufa. Nitakuachaje kukutambua?"

Mwau akawasha pikipiki. Nilimpandisha mama katikati, nikapanda nyuma yake nimemshikilia, tukaanza safari ya kurudi Gatuanyaga.